Mke Anayenuka Bia

Alikuwa amejikunja kitandani, magoti karibu na kidevu, maumivu yakimchoma kutoka chembe cha moyo hadi mgongoni. Gauni lake lilinuka bia. Daktari wa zamu alisogea nyuma kidogo.

"Huyu anakunywa?" aliuliza. Alimwuliza mume.

"Sinywi, daktari," mwanamke akajibu. "Naosha glasi baa. Zinanimwagikia."

Daktari hakugeuza shingo. Mume, mshona viatu mpole anayeheshimiwa mtaa mzima, alitazama sakafu. "Anakunywa," alisema. "Nimesema mpaka nimechoka."

Basi, kutafuta chanzo kukaishia hapo. Kongosho limevimba, daktari alieleza, lakini kwa kiwango hafifu. Figo na mapafu ni salama. Atawekewa dripu na dawa ya maumivu. "Ukiacha pombe hutarudi hapa. Usipoacha, mara ya pili huwa haina mzaha."

"Mama yangu alikuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Alianza hivihivi. Nipigeni picha ya tumbo."

"Mashine ni moja, mama. Inawasubiri wasiojitakia."

Nyumbani alimngoja mumewe aweke nyundo chini.

"Umewahi kuniona nimelewa?"

"Sijawahi."

"Sasa?"

"Nilitaka akutishe uache ile baa. Watu wananicheka. Mimi hunisikii, nikajua yeye utamsikia."

Huyu ndiye mtu ambaye mwanamke alimwamini kuliko ndugu zake wa damu. Aliumia kuliko alivyoumia hospitali, na akamwambia hivyo. "Nenda ukaseme ukweli."

Mume aliahidi. Lakini kila alipokumbushwa, alikuwa na kiatu cha mtu mkononi. Mwishowe mwanamke akaenda peke yake. Kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali, wahudumu walimsikiliza huku wakicheka kidogo. Walevi wote husema hawanywi, walimwambia, aje na mumewe.

Hakwenda tena. Alirudishwa amebebwa.

Safari hii hali ilikuwa kali. Figo zimeanza kugoma, pumzi inakuja kwa shida. Daktari alikuwa mwingine, dada kijana asiyependa maneno mengi, na aliposoma maelezo ya mara ya kwanza alikunja uso.

"Hakupigwa picha? Jiwe likitoka kwenye nyongo likaziba njia, kongosho huvimba hivi. Wangeliona mapema wangetoa kifuko, na haya yasingejirudia." Akamgeukia mume. "Niambie kweli. Kama hanywi, naenda kuipigania mashine sasa hivi. Kama ni pombe, atangoja zamu yake kama wengine. Anakunywa?"

Mlangoni alisimama kaka wa mgonjwa. Yeye naye alikuwa ameambiwa na mume huyu kwamba ni pombe, na kwa aibu alikuwa ameacha kumtembelea dada yake. Mume alimtazama shemeji yake.

Mgonjwa alisikia yote. Aliinua mkono, akaivuta barakoa ya oksijeni ili aseme. Mumewe akamwahi. Aliirudisha puani kwa upole, akaukamata ule mkono na kuushikilia.

"Pumzika, mke wangu," alisema. Kisha kwa daktari: "Anakunywa. Hata jana alikunywa."

Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu alimwonea huruma. "Wanaume wenye moyo kama huu wamebaki wachache," alisema, akamsogezea kiti.