Mama Mkwe Kwenye Treni ya Mamba

Mama yangu ni mkali wa mila kuliko watu wa nyumbani kwa chifu. Kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani wala hawagusani, mpaka ukoo upike chakula na kumwingiza mkwe rasmi. Mama aliahirisha kupika huko hadi binti yetu Emilienne akaota meno, yakaanza hata kung'oka. Mara mihogo haijakauka, mara samaki hakuna. Porojo tupu. Lililomkaa kooni ni kwamba mume wangu, Méschac, ni Mkongo aliyekuja hapa kwa kukimbia vita, anauza sabuni sokoni.

Mwishowe wajomba walimbana, akakubali tupike Jumamosi. Lakini alisema wazi kwamba Méschac akifanya kosa hata moja, sufuria hazitapanda jikoni.

Wiki hiyo hiyo watu wa michezo ya bembea, wanaozunguka mji kwa mji, walikuja na kupiga kambi karibu na ziwa. Walileta rola kosta ndogo ya watoto na wazazi wao, treni ya kijani ya kupanda na kuteremka kwenye reli, yenye uso wa mamba anayecheka. Emilienne akaapa kwamba hapandi mpaka tupande wote, na bibi yake pia. Basi mimi na yeye tukakaa mbele, na Méschac, kwa adabu zake, akaenda kiti cha mwisho kabisa ili awe mbali na mama.

Mama alipojua mkwe wake yumo, alijifunika chitenge usoni asimwone. Sasa mtu aliyejifunika atajuaje anakokwenda? Mwendeshaji akamshika mkono, akampeleka kwenye nafasi pekee iliyobaki, kiti cha mwisho. Méschac alikuwa amegeuka kutazama ziwa, kama mila inavyotaka. Alipohisi kiti kimezama na kumwona ni nani, alimnong'oneza mwendeshaji, lakini jenereta ilinguruma, na chuma cha kuzuia watu kikashuka juu ya mapaja yao wote wawili.

Mteremko wenyewe ulikuwa wa kimo cha nyumba ya matofali. Watoto walikuwa wanacheka. Mama alipiga ukelele wa "Mayo!", yaani mama weee, akamkumbatia shingoni mtu aliyekuwa karibu, na upepo ukaondoka na chitenge. Nilikuwa nimegeuka nyuma, nikaona. Mikono ya Méschac ilikuwa juu hewani, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Treni ikazunguka mara ya pili.

Iliposimama, kichwa cha mama kilikuwa bado kifuani mwa Méschac, na akina mama wa kanisa letu walikuwa wamejipanga kwenye uzio, wakitazama. Mmoja akasema Mkongo amemshika mama mkwe wake hadharani. Mwingine akasema basi Jumamosi imekufa. Mama alishuka, akarekebisha kilemba, akaanza kuondoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijua mikono iliyoshika ilikuwa ya nani, lakini mbele ya wanawake wale ulimi wangu ulikuwa mzito, na aibu hiyo ya kunyamaza iliniuma kuliko ile ya treni.

Méschac alipiga magoti kwenye vumbi, uso ameuelekeza kando.

"Musamehe, wamama," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Kosa ni yangu. Ni miye nilimushika."

Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Emilienne akaniuliza kwa nini baba anadanganya, nami nikamziba mdomo kwa kiganja. Niliona mama ametuona. Angeweza kuondoka tu, na angekuwa ameondoka na kila alichokuwa akikitaka miaka yote ile.

Alirudi hadi alipopiga magoti mume wangu. Hakujifunika. Akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kununulia samaki kwa Wakongo, ambacho hakuwahi kukitumia kwa mkwe wake hata siku moja:

"Anawadanganya. Ni miye njo nilimushika. Mara ya kwanza sikujua ni nani. Mara ya pili nilijua ni yeye, na sikumuachilia."