Sigara Nilizomrudishia Yader

"Hivi jirani, unamtilia nini yule msimamizi kwenye kahawa yake?"

Eufemia aliniuliza hivyo jikoni kwangu, Jumamosi ya wiki ambayo kiwanda kilipunguza watu. Alikuja na binti yake, Meyling, ambaye alikuwa amepunguzwa. Binti alikaa karibu na mlango, macho chini, hakugusa hata biskuti za mahindi. Mimi nilibaki kazini, tena nimepandishwa. Mikono ya Meyling ni myepesi kuliko yangu, hilo mji mzima wa Estelí unalijua, kwa hiyo swali la mama yake nililielewa.

Nikawamiminia kahawa, nikaeleza.

Kiwandani kwetu tunatengeneza zile sigara nene za mkono, na watu hukaa wawiliwawili. Yader, mwenzangu, alikuwa anakunja majani ya ndani, yaani moyo wa sigara, nami nauvisha jani la juu. Tunalipwa pamoja, na tukiharibu tunaondoka pamoja. Kuna adabu ya zamani pale: mwenzako akikupa moyo wa sigara, unauvisha, unanyamaza. Kumrudishia mbele za watu ni kama kumrudishia mtu chakula alichokupikia.

Novemba hiyo msimamizi mpya, don Evaristo, akatangaza kwamba baada ya sikukuu ya Bikira mwezi wa Desemba, nusu ya meza zitaondolewa. Tangu hapo watu walikimbizana, kila meza ikitaka rundo lake liwe refu kuliko la jirani. Na mtu akiwa na haraka hakunji majani, anayasokota kama kamba, moshi haupiti.

Nimekuwa mjane tangu mwanangu wa mwisho hajaanza kutembea. Meza ile ndiyo iliyowalisha wanangu. Kila alfajiri nilishika rozari nikamwomba Bikira ailinde, halafu nikaenda kuilinda na mimi.

Nilipokuwa navisha, kidole gumba changu kilipita polepole. Kikikuta fundo, namrudishia Yader.

"Doña Casimira, utanifukuzisha kazi wewe!"

"Nikinyamaza ndipo utakapofukuzwa, mwanangu. Fungua, kunja upya."

Meyling, meza ya pembeni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Yader, pole! Umepata mama mkwe kabla ya kuoa! Doña Casi, jani la juu liko pale kufunika. Visha tu, muda unakwenda."

"Binti, hebu papasa na zako."

"Zangu watazipapasa waliozinunua!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sikurudia. Mtu akishachekewa utani wake na watu wote hao, masikio yake hayako kwako tena.

Kila jioni, tukishafuta meza, nilimchukua Yader tukamwendea don Evaristo. "Leo kazi yetu ina kasoro gani?" Wenzangu wakasema najipendekeza. Lakini sikuuliza habari za meza nyingine, wala sikutaja jina la mtu. Mwanzoni alitujibu kwa mkato: "Hakuna, nendeni." Baadaye akaanza kutuonyesha: hapa kichwa kimelegea, hapa jani lilikauka kabla ya kuvishwa. Kesho yake tunarekebisha. Yader naye akawa anapapasa mwenyewe kabla ya kunipa, na rundo letu, lililokuwa fupi kuliko yote, likaanza kupanda.

Sikukuu ikafika. Tuliimba nyumba kwa nyumba, tukapewa miwa na peremende, tukamshangilia Mama wa Mungu hadi sauti zikakauka. Tuliporudi kazini, don Evaristo hata hakuyatazama marundo. Alichukua sigara moja kila meza, akaikata kichwa, akaiwasha.

Yetu ilitoa moshi mzito, majivu yakakaa bila kudondoka. Ya Meyling aliivuta mpaka mashavu yakabonyea. Akajaribu ya pili. Kisha akaipasua kwa kisu, na ndani ilikuwa kamba tupu. Hakuna aliyecheka, na mimi sikufurahi.

Meza yao ikaondolewa. Mimi nikaambiwa niwe mkaguzi wa safu yetu.

"Kumbe ulijua," Eufemia akasema. "Ukamwacha mwanangu azame."

"Nilimwambia. Muulize."

Akamgeukia binti yake. "Alikwambia?"

"Aliniambia, mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Nikamcheka."

Eufemia akakoroga kahawa yake, ingawa sukari ilikwishayeyuka zamani.

"Sasa Yader hana wa kumvishia," nikasema. "Nimemwomba don Evaristo kiti changu asikitoe kwa mtu kabla ya Jumatatu. Amekubali ukikalie wewe kwa majaribio, Meyling. Lakini sitakufichia kitu. Nitapapasa kila moja. Na Yader akikupa kamba, mrudishie."

"Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Mimi walinicheka mpaka wakachoka."

"Na jioni? Niende kumwuliza yule mzee kasoro zangu?"

"Kila jioni. Uziulize kabla hajazileta mwenyewe."

"Mungu wangu," Eufemia akaguna, "mimi niliyemzaa hajawahi kuniuliza hata moja."

Nikaweka mezani kisu changu cha kukatia majani, kile bapa kisicho na mpini, kilicholika kwa kunolewa. Mkaguzi hakihitaji. Meyling akakichukua. Akajaribu makali yake kwa kidole gumba, akakizungushia kitambaa, akainuka, akatoka nacho.