Mchele wa Ijumaa

Njiwa waliruka wote kwa mkupuo, na ndege ndogo iliyokuwa ikitua kiwanjani ikawaingia katikati. Bi Tunu, aliyesimama nje ya uzio na ungo mtupu mkononi, aliisikia injini ikikohoa, kisha akaiona ndege inagusa lami kwa tairi moja, inayumba, inaiacha njia na kuserereka majanini hadi ikalalia bawa. Kimya. Halafu mlango ukafunguka, rubani akatoka ameukumbatia mkono uliovunjika, na abiria wake mmoja akitambaa nyuma yake. Wazima, alhamdulillahi.

Jambo la kwanza alilofanya Bi Tunu ni kuuficha ungo ndani ya kanga.

Kila Ijumaa, tangu afariki mumewe, Mzee Twalib, Bi Tunu aliwamwagia njiwa mchele kuwa sadaka ya marehemu. Uani kwake kulijaa paka. Hapa, kwenye uzio wa kiwanja hiki kidogo nyuma ya Tegeta, njiwa walikula kwa raha zao. Polikarpo, mwenye kazi ya kufukuza njiwa na kunguru kwa filimbi na debe, alishamwomba mara mbili aache.

"Mama, hapa pabaya. Wakiruka wakati ndege inatua, tumekwisha."

"We Poli, kwani wanakula mchele wako? Unataka kumnyima marehemu thawabu?"

Polikarpo alicheka, akaenda zake na debe lake. Atabishana vipi na mtu anayempelekea sahani ya futari Ramadhani nzima, Mkristo yeye?

Sasa msimamizi wake, Godlisten, alikuwa akimfokea mbele ya watu waliojaa uzioni na simu zao.

"Ulikuwa wapi? Ulilala?"

Polikarpo alimtupia jicho Bi Tunu, mara moja tu. "Nilichelewa, bosi. Nilikuwa upande ule mwingine."

"Vua kizibao. Nenda nyumbani na usirudi hapa."

Sema, Tunu. Sema sasa hivi. Mdomo haukufunguka. Bibi mzima, aliyewacharaza wajukuu kwa uongo wa kipande cha sukari guru, alisimama pale kama kigogo, akimwangalia mtu wa watu akivua kizibao.

Jioni mkwewe Raudha alikuwa akichambua mchicha. "Mama, umesikia? Kumbe yule mfukuza kunguru alikuwa kauchapa usingizi! Angeua watu yule."

"Eeh," alisema Bi Tunu.

Eeh ile ilimuuma kuliko kimya cha asubuhi. Kimya unaweza kukisingizia hofu, lakini eeh ni ushahidi wa uongo. Aliona haya hata kutandika msala.

Kesho yake asubuhi alikwenda chumbani kwa Polikarpo, akamkuta anafunga begi. Alipomwona aliinuka upesi, akafuta kiti kwa kiganja.

"Shikamoo, mama."

Bi Tunu alifungua kinywa aitikie. Marahaba ilikataa kutoka. Polikarpo akangoja, kichwa ameinamisha, kama alivyofunzwa kwao.

"Usiniamkie, Poli," alisema, na machozi yakamshinda. "Jana nilikuuza mie. Twende ofisini nikaseme."

"Yaache, mama. Watakuitia polisi. Na umri huo?"

"Wakiniita nitaitika."

Polikarpo alibaki mlangoni na begi lake, hajui aliweke chini au alibebe. Bi Tunu alikuwa ameshavuka mtaro, ameshika njia ya geti la kiwanja. Ushungi ulimteleza hadi mabegani, watu wakimtazama, naye hakuurudisha.