Neno la Kadidja

Kadidja hakujua kusoma wala kuandika, na mimi nimefundisha shule ya msingi Gatete miaka ishirini na moja, kwa hiyo nilikuwa mkono wake. Tulikuwa wanawake saba waliopona saratani, au walioambiwa wamepona. Kila Jumatano tulikaa na madaftari katika chumba kimoja pale Rumonge, na muuguzi Marcelina akarudia sheria yake: andika kinachouma, usipambe. Sheria za kitoto hunichosha.

Siku hiyo Kadidja aliniinamia. "Andika hivi, dada: Nunu, imerudi. Iko ku titi ya pili. Kuja unione."

Nunu ni bintiye wa pekee, ana michikichi yake Nyanza-Lac.

"Si umupigie simu?"

"Nikisikia sauti yake nitamudanganya. Karatasi haina haya."

Imerudi. Mimi nami nilikatwa titi, mwaka ule ule aliokatwa yeye. Kama yake imerudi, yangu inangoja nini? Niliandika: Nunu, mimi sijambo, namshukuru Mungu, ukipata nafasi uje. Kisha nikamsomea Kadidja maneno yake mwenyewe, si yale niliyoandika, kwa sauti ya mwalimu, bila kukwama. Akaikunja karatasi, akaituma. Niliogopa, basi.

Nunu alipiga simu mara mbili, akaongea habari za mawese. Kadidja akakata.

"Amesoma, dada. Amesoma na hakuja. Musimuambie tena kitu."

"Watoto wa siku hizi wana roho ngumu," nilimjibu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Wiki ya saba akafa, uso ameuelekeza ukutani.

Nunu alifika matangani na karatasi yake, imelainika kwa kusomwa. Akanishika mikono yote miwili.

"Murakoze, asante sana, mama Vestine. Waliniambia aliteseka sana. Lakini huku aliandika iko muzima, ili nisisumbuke. Mama alinihurumia mupaka mwisho."

"Ndivyo alivyokuwa," nikasema.

Jumatano iliyofuata niliandika neno moja tu katika daftari langu, nia yangu kulisoma na kueleza yote ya ile barua. Zamu yangu ilipofika nikasimama.

"Imerudi," nikasoma.

Kabla sijaendelea, Marcelina alikuwa ameshanikumbatia, analia. Wenzangu wakasogeza viti, wakanishika mabega, mmoja akaanza kuniombea.

Nikafunga daftari, nikaacha waniombee.