Roketi Isiyo na Moshi

Kukosea makusudi nako kuna ufundi wake, na Mwalimu, mstaafu aliyeota mvi akifundisha fizikia, alikuwa bingwa. Tangu binti yake aende nchi ya mbali kufanya kazi ya uhandisi, kila Jumamosi alipanda kwenye stuli, akaandika hesabu kwenye ubao wa sebuleni, akatia kosa moja, akaupiga picha na kumtumia.

Wanasema waraka ni nusu ya kuonana, lakini "hujambo, mama" aliyomtumia binti huyo ilijibiwa kesho yake, tena kwa neno moja. Kosa lilijibiwa papo hapo. Binti huyo, nyumbani wakimwita Jicho, hakuvumilia kosa, alipiga simu akiwaka: "Baba, na wewe! Msuguano umeuweka wapi?" Mwalimu akajitetea, wakabishana, na katikati ya ubishi akajua kama amekula, kama baridi imezidi. Mzee mzima kujifanya mjinga ili asikie sauti ya mwanawe! Upweke hauna aibu.

Siku hizi simu zilikuwa zimepungua, basi safari hii akatega mtego mkubwa. Akaandika roketi inayoongeza kasi. Msukumo, sawa. Kazi, sawa. Kwenye nishati akadai kwamba yote iliyotoka kwenye mafuta imeingia kwenye roketi. Moshi unaofyatuka nyuma akaupa sifuri. Kosa hilo hata kipofu angeliona kwa kupapasa. Tena ndilo somo alilompa Jicho utotoni, kwa puto lililozunguka sebule hii hii likitoa pumzi: "Roketi haipai bure, mama. Nishati nyingi huishia kwa kile inachokiacha nyuma."

Akakaa, simu mapajani, utetezi wake tayari mdomoni. Chai ikapoa.

Simu ikatoa mlio mfupi, wa ujumbe.

"Nimeiona baba. Iko sawa kabisa! Niko mbioni, tutaongea."

Akausoma miwani juu, akausoma miwani chini. Hakuifungua hata hiyo picha, mtoto huyu. Iliuma, tena iliuma hasa. Akaandika kama alivyokuwa akiandika kwenye madaftari ya Jicho: "Umekosea. Rudia." Akakaa nayo kidogo, akafuta.

"Asante, mama," akaandika. "Kazi njema."

Kisha akapanda tena kwenye stuli, akaifuta ile sifuri na kusahihisha mwenyewe.