Kola ya Kuvuta Mara Moja

Kaka yangu anaamini kwamba chuo ni ndoo. Ndivyo alivyojiandaa kumpeleka binti yake: ndoo zenye vifuniko, pasi, kufuli la kufungia ghala zima, na sanduku la bati ambalo hata yeye, dereva wa lori, alilibeba huku akitweta. Kila aliporudi safari alishuka na kitu kipya mkononi, akakiweka sebuleni, akakizunguka, halafu akaniuliza, "Dada, unadhani sasa ametimia?" Nikamjibu kwamba mtoto si lori, hakaguliwi tairi akaruhusiwa kuondoka. Alicheka peke yake. Tulijua wote wawili kinachotutisha, na hakikuwa kitu cha kuingia kwenye ndoo.

Binti mwenyewe namwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, nikamlea mimi. Ana kifafa. Kilimwanza shule ya msingi, darasani, mbele ya wenzake, na mwalimu mmoja aliyedhani anasaidia akamchomekea kijiko mdomoni kikamvunja jino la mbele. Tangu siku hiyo kuna watoto waliokataa kukaa naye dawati moja. Tulimhamisha shule, habari zikatangulia kufika. Vidonge vinamsaidia sana, miezi inapita mpaka unaanza kusahau. Halafu siku moja anaacha maneno katikati, macho yanakwenda pembeni, anaanguka.

Nyumbani kwetu kila mtu anajua la kufanya. Unasogeza viti. Unamlegeza nguo shingoni. Unamlaza ubavu, humwekei kitu mdomoni, humkandamizi, unakaa naye mpaka arudi. Na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, nilimbunia kola yangu. Kwa nje shati lina vifungo kama shati lolote, lakini ni urembo mtupu. Chini yake nimeficha vifungo vya kubana, vile vinavyosema ta-ta-ta ukivivuta. Unashika kola, unavuta mara moja, shati linafunguka mpaka kifuani. Fulana inabaki ndani, heshima yake haiguswi. Mashati yake yote nimeyashona hivyo.

Kwa hiyo aliponiletea kitambaa cha bluu cha mashati ya chuo, nilikuwa tayari na vifungo vyangu mezani.

"Shangazi, haya nishonee na vifungo vya kweli."

"Kwani vyangu vya uongo?"

"Unajua ninachosema."

"Sijui. Niambie."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akakunja kitambaa magotini. "Kule hakuna anayenijua. Hata mmoja. Nataka kuwa mtu tu, Shangazi. Sitaki tena kuwa yule wa kijiko."

Mimi ambaye wateja wananiogopa kwa mdomo, nikaanza kubembeleza. Nilimwomba amwambie mtu mmoja tu, huyo atakayelala naye chumba kimoja. Akakataa. Nikamwambia basi nitasema mwenyewe. Hapo akalia, na Sindano si mtu wa kulia. Akasema nikitoa neno moja, atabeba sanduku lake siku hiyohiyo arudi nyumbani, na habari ya chuo iishie hapo. Namjua, hatishii mtu bure. Akanitaka niape mbele ya baba yake kwamba sitatamka neno. Nikaapa. Kaka yangu naye akaapa, macho yake yakiwa kwenye ndoo.

Mashati lakini niliyashona nilivyozoea. Niliapa kuhusu mdomo, sikuapa kuhusu mikono. Alipokuja kuyachukua alivuta kola moja, ta-ta-ta, akanitazama. Nikajifanya natafuta mkasi. Aliyakunja moja moja akaondoka nayo, na mimi nikahesabu hilo kuwa ushindi.

Siku ya kuwapokea wanafunzi wapya walitukusanya ukumbini, wazazi na watoto pamoja, tuwekwe sawa kuhusu maisha ya chuo. Aliyezungumza ni Matroni wa bweni la wasichana, mama mrefu mwenye filimbi shingoni. Alikuwa hana dogo, Matroni yule. Alieleza habari za nguo zinazopotea kwenye kamba, za waya za umeme zisizoguswa, za marafiki wanaoazima daftari wasirudishe, za wavulana wenye maneno matamu na ratiba mbovu. Watoto walicheka, wazazi wakatikisa vichwa. Alitaja kila hatari ya dunia hii isipokuwa ya kwetu. Kisha akaweka mikono kiunoni.

"Kuna mzazi mwenye la kutuambia kuhusu afya ya mtoto wake? Asione haya. Kuanzia leo sisi ndio wazazi wao."

Mama mmoja akasimama mstari wa mbele akasema mwanawe akila karanga anavimba midomo. Kijana wake akajifunika uso kwa mikono, ukumbi mzima ukaangua kicheko, Matroni akamshukuru, mama akakaa. Basi, ilikuwa rahisi hivyo. Sindano alikuwa ameuweka mkono wake juu ya wangu, na sasa akaanza kuubana, akaubana mpaka pete ikaniumiza. Kaka yangu akakohoa. Nikageuka nikimwomba kwa macho avunje kiapo yeye, nikamkuta ananitazama mimi, anaomba hilohilo. Matroni alisubiri. Alitazama mpaka nyuma kabisa, akatutazama na sisi, nadhani.

"Haya, tuendelee," akasema.

Nilijichukia. Nakuambia kweli, nilikaa pale na bakuli langu la maneno limejaa mpaka ukingoni na sikuweza kumwaga tone.

Chumbani tulimkuta mwenzake ameshachagua kitanda cha dirishani. Alikuwa msichana wa kucheka hata akisalimia, kwa hiyo nikampa jina la Kicheko papo hapo, na likamfurahisha. Kaka yangu alianza kusukuma ndoo chini ya kitanda. Sindano alitoka kwenda kutafuta bomba. Nilifungua sanduku nikaanza kutundika mashati.

"Mama, mashati mazuri haya! Umenunua wapi?"

"Niite Shangazi. Hayanunuliwi, nimeshona mwenyewe. Njoo uone kitu." Nilimshikisha kola. "Shika hapa. Vuta."

Akavuta. Ta-ta-ta. Akacheka mpaka akakaa kitandani.

"Ya nini sasa hii?"

Sindano alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na ndoo ya maji.

"Ya joto," nikasema. "Mwenzako huyu joto linamsumbua. Ukimwona amezidiwa, usimwulize. Vuta tu."

"Nivute tu?"

"Vuta tu, mwanangu, usiogope kuharibu. Hebu rudia."

Akarudia, akicheka. Neno la pili lilikuwa limeshafika kwenye meno, ubavu, mlaze ubavu, nikalimeza likashuka na mate. Kicheko akasema anataka shati kama hilo, la rangi ya chungwa. Nikatoa futi yangu ya kupimia mkobani, nikampima shingo na mabega, nikamwandikia namba yangu kwenye simu yake. "Nipigie wakati wowote," nikamwambia. "Kuhusu shati au kuhusu jambo lolote." Nilivyolikazia hilo jambo lolote, mtu mzima angeshtuka. Yeye akasema asante, Shangazi.

Sindano alitusindikiza mpaka getini.

"Uliapa," akaniambia.

"Nimesema nini mimi? Nimezungumzia joto."

"Nimekusikia, Shangazi." Alikuwa amekasirika, lakini akanikumbatia, kwa nguvu zote za huo wembamba wake. "Nendeni. Usinililie hapa, watu wanaangalia."

Ndoo moja ilikuwa imekosa nafasi chini ya kitanda. Kaka yangu alirudi nayo, akaipakata kwenye basi njia nzima.

Sindano alikuwa ananipigia kila jioni. Amekula, amemeza dawa, mwalimu wa hesabu anaongea kama anafukuzwa, Kicheko anakoroma. Sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyopata kuisikia. Nikaanza kujiambia kwamba labda mtoto ndiye aliyekuwa sahihi na mimi ni mwoga tu wa kuzeeka.

Asubuhi moja simu ilipolia nilikuwa nakamilisha shati la rangi ya chungwa, na mteja mmoja amekaa ananisubiri nimpunguzie suruali. Nikaona ni Kicheko.

"Lipo kwenye cherehani, mwanangu, usinisumbue," nikasema.

Hakucheka. "Shangazi, ameanguka. Anatetemeka, macho yamegeuka. Nilidhani ni joto. Nimevuta kola kama ulivyonionyesha, imefunguka yote. Sasa nifanye nini?"

Nyuma yake nilisikia viti vikiburutwa, wasichana wakipiga kelele, na mtu mmoja juu ya wote akisema kijiko, leteni kijiko.

"Wakataze kijiko! Asitiwe kitu mdomoni! Mlaze ubavu. Umenisikia? Ubavu!"

Simu iliwekwa sakafuni. Nilijua kwa mlio wake. Nikasikia miguu, filimbi ya Matroni ikilia mbali, mlango ukigonga ukuta. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikipayuka ubavu, ubavu, mle dukani kwangu, kwa watu wasionisikia. Mteja alikuwa ananikodolea macho na suruali yake mkononi.

Kisha Kicheko akarudi, sauti imekuwa ndogo.

"Shangazi, ubavu upi?"

"Wowote," nikamwambia. "Wowote, mwanangu."

Simu ikawekwa tena sakafuni. Nikabaki nimebandika yangu sikioni, shati la chungwa mapajani, nikisikiliza miguu ya watu nisiowaona.