Majani ya Shangazi na Ini la Viateur

Ati mlevi! Viateur, mlevi! Daphrose aliposikia hivyo pale kibandani kwake Remera, aliacha vitunguu mezani akamshika mumewe mkono.

"Rudia. Patroni kasema nini?"

"Dokta Jean-Luc, yule wa kampuni, kampigia simu," Viateur akajibu, macho chini. "Damu imeonyesha ini yangu iko mbaya. Basi ni pombe, ati. Mlevi hapewi lori."

Sasa mtu huyu alikuwa haumwi popote! Anakula, analala, gunia la viazi analibeba kama mto. Alipimwa kwa sababu kampuni ya malori haimpi mtu usukani bila kipimo cha damu, na usukani huo kaungoja tangu enzi za utanboi, akimsaidia dereva tu. Halafu pombe? Mwanakwaya wa Pentekoste? Harusini watu wakipokezana mrija wa urwagwa, ile pombe ya ndizi, yeye amekumbatia Fanta yake.

"Mimi ndiye nalala karibu na huo mdomo!" Daphrose akafoka. "Ningesikia harufu!"

"Labda anakunywa kwa pua," akatania Nduwayo, muuza nyanya wa pembeni.

"Nduwayo, nitakurushia mizani!"

Hasira ile ile ikamburuta Viateur mpaka Kabeza, kwa dokta Natacha, mama aliyekulia Bujumbura kama Daphrose. Natacha akasoma karatasi ya kipimo, akaiweka chini.

"Jean-Luc alikuuliza kama unakunywa pombe?"

"Hapana."

"Alikuuliza dawa unazomeza?"

"Hapana, dokta. Alisoma, akanitazama, akatikisa kichwa. Basi."

"Ee Mungu!" Natacha akagonga meza. "Ini linalalamika tu, halimtaji aliyeliudhi. Inaweza kuwa pombe, inaweza kuwa virusi, inaweza kuwa dawa. Na mtu anaweza kujisikia mzima kabisa. Unamuuliza kwanza, halafu unapima tena. Haya, umekunywa nini siku hizi?"

Viateur akamtazama mkewe. "Ni ile ya shangazi tu..."

Shangazi Nyiramana, aliposikia Viateur ameitwa kupimwa, alichemsha majani machungu, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mtaani kwao ndivyo ilivyokuwa: mtu akiitwa kupimwa, anaoga, anavaa shati safi, na damu nayo anaisafisha ili isimwaibishe mbele ya dokta.

"Ile si dawa, dokta," Daphrose akasema. "Ni majani."

"Dada yangu, kama ina nguvu ya kusafisha damu, itakosaje nguvu ya kuchosha ini? Aache. Leo namtafutia virusi, halafu mtarudi."

Shangazi alinuna, lakini sufuria ikaepuliwa. Virusi havikuonekana. Na waliporudi baada ya wiki kadhaa, kipimo kilikuwa kimeshuka, karibu sawa na cha mtu yeyote.

Daphrose akazipeleka karatasi zote mbili kwa patroni Rutayisire, mwenye malori, Viateur nyuma yake. Rutayisire akazitazama, akacheka, akampiga Viateur begani.

"Hongera, bwana! Umeona? Ukiacha chupa, mwili unashukuru!" Akasukuma funguo za lori mezani.

Viateur akanyoosha mkono. Wa Daphrose ukawahi kuzifunika.

"Hapana, mzee. Kwanza sema hanywi."

"Mama, si nimempa kazi?"

"Umempa kazi ya mlevi aliyepona! Kesho tairi ikipasuka njiani, mtasema nini?"

"Daphrose, acha..." Viateur akanong'ona.

"Siachi!"

Rutayisire akamgeukia Viateur. "Hebu wewe mwenyewe. Ulikunywa?"

"Sijawahi, mzee. Ni majani ya shangazi."

"Mbona hukusema?"

Hapo Viateur, yule mpole, sauti ikampanda mpaka makarani wakageuka. "Nani aliniuliza? Wewe? Dokta? Mlisoma damu, mkaacha mwenye damu amesimama hapo!"

Rutayisire akajikuna shingo, akavuta simu, akazungusha namba.

"Alo, Jean-Luc? Iko hapa dereva wangu. Hanywi, na hajawahi. Sasa niambie, ulimuuliza?"

Daphrose hakuondoa mkono wake juu ya funguo. Aliinamia simu, asikie dokta atasema nini.